Chai Iliyokatika

Filemon alikufa amevaa barakoa ya gesi, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Bernadetha Matemu kuliko yote. Mtu asiye na kinga akifa kwa gesi, unaelewa. Huyu alikuwa na kila kitu usoni: mpira umebana mashavu, mikanda imekazwa kisogoni, kopo la mkaa limefungwa barabara mbele ya mdomo. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya chumba cha mashine za ubaridi, hatua moja kutoka mlangoni, mikono ameitanguliza mbele.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Zimamoto walikuwa wameshafungua madirisha, lakini amonia bado ilichoma macho. Koplo Shedrack alipiga picha huku machozi yakimtiririka.

"Toka nje upumue," Inspekta alimwambia. "Kisha urudi unipimie umbali kati ya mkono wa kulia na mlango."

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Moshi, upande wa barabara ya Himo. Kilipokea parachichi kutoka mlimani, kikaziosha, kikazipanga kwenye maboksi, kikaziweka kwenye baridi hadi malori yazichukue. Baridi yenyewe ilitokana na amonia inayozunguka kwenye mabomba. Kila Alhamisi saa mbili asubuhi fundi Filemon aliingia chumba cha mashine kumwaga oili chafu, na oili hiyo ikitoka hutoka na gesi. Ndiyo sababu ya barakoa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kila wiki kwa miaka miwili bila hata kukohoa.

Inspekta alichuchumaa mlangoni. Mlango ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, unafunguka kwa nje. Chini, upande wa ndani, palikuwa na mikwaruzo mipya. Upande wa nje palikuwa na komeo.

Aliyemkuta marehemu ni meneja wa ubora, Injinia Wilbert. Alisimama kwenye korido na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, kalamu tatu mfukoni. Kuna watu wakivaa koti jeupe hudhani hata kivuli chao kimesoma. Hakusema pole. Hakumsalimu mtu.

"Inspekta, nitakurahisishia kazi," alisema. "Hiki ni kifo cha ujinga."

"Ujinga wa nani?"

"Wa mzee mmoja wa Marangu, Kastori. Baba mkwe wa marehemu. Anachoma kokwa za parachichi kwenye pipa nyuma ya zizi la ng'ombe, anajaza kwenye makopo, na fundi wetu anavaa. Nimesema miaka miwili mpaka nimechoka. Kaboni amilifu si mkaa wa kuchomea mahindi."

"Umesema miaka miwili, na miaka miwili amevaa."

"Bahati."

"Bahati ya kila Alhamisi?"

Injinia alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mwalimu anayemsubiri mtoto mzito amalize kusoma silabi. "Kemia ni pana, mama."

"Inspekta. Mlango ulikuwaje ulipofika?"

"Umeegeshwa tu. Niliuvuta, nikamwona."

"Komeo?"

"Halikufungwa. Nani angelifunga?"

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini na tano. Kabla ya hapo nilikuwa ofisini, naandika hotuba. Jumatatu tunapokea wageni kutoka nje."

"Hukusikia kelele?"

"Mashine zile zinanguruma. Mtu akipiga kelele humo hata aliye mlangoni hasikii."

Inspekta aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Hakuwa amemuuliza habari za mtu aliyesimama mlangoni.

Saa nne askari waliitwa jikoni wapate chochote. Mpishi, Mama Rachel, mwanamke mnene mwenye kanga mbili kiunoni, alimimina chai ya maziwa. Ikatoka na mabonge meupe yakielea kwenye maji ya kahawia. Shedrack alikitazama kikombe chake akakiweka chini kwa adabu.

"Imekatika tena," Mama Rachel alisema, macho chini. "Naomba mnisamehe, afande. Nimebadilisha maziwa, na bado imekatika. Sijawahi kuona aibu kama hii na msiba huu."

Injinia Wilbert alikuwa akipita na chupa yake ya maji ya dukani. "Huyu hata maziwa yaliyooza hayajui," alisema bila kusimama. "Ndiyo maana mimi sinywi kitu cha jiko hili."

Inspekta alikisogeza kikombe pembeni akaondoka. Alikuwa na maiti ya kushughulikia, hakuwa na muda wa maziwa. Baadaye alijilaumu kwa hilo, na yeye si mtu wa kujilaumu ovyo.

Kufika saa saba mchana Mzee Kastori alikuwa mahabusu. Askari waliotumwa Marangu walimkuta uani akipasua kokwa kwa nyundo. Walipomwambia mkwewe amekufa na barakoa usoni, aliweka nyundo chini akasema, "Mkaa ni wangu. Kama umemuua, basi mimi ndiye niliyemuua."

Bosi wa Inspekta aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kupenda mafaili yanayojifunga yenyewe.

"Amekiri," alisema. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Jumatatu mahakamani."

"Amekiri kwamba mkaa ni wake, afande. Hata mimi nikikwambia kiatu hiki ni changu sijakiri kumpiga mtu teke."

"Bernadetha, usinifundishe kazi."

Inspekta alipiga saluti. Mtu asiyefundishika usipoteze chaki.

Jioni, saa kumi na moja, mwanamke mwenye kilemba cheusi alimngoja kwenye benchi la kituo. Alikuwa Aika, mjane wa Filemon, binti wa Kastori. Alikuwa amekaa wima, kama mtu anayeogopa kwamba akiinama hatainuka.

"Pole sana, dada."

"Asante, afande. Nimeleta chakula cha baba. Amekataa kula."

"Mazishi lini?"

"Jumamosi, nyumbani kwao, kihambani, kwenye shamba la ukoo. Shemeji yangu mkubwa, Ndelilio, ametangaza mbele ya ukoo mzima. Baba asikanyage pale. Amesema mkono uliomuua Filemon hautamtupia udongo. Na mimi nikimtetea, niondoke naye, watoto wabaki."

"Na wewe unaamini nini?"

Aika aliikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Ningejua ningelia vizuri. Baba mwenyewe anasema ni mkaa wake. Sasa nimlilie mume wangu au nimkasirikie baba yangu? Niambie kabla ya Jumamosi, afande. Baada ya hapo hata mkinipa ukweli haunisaidii."

Inspekta hakumuahidi kitu. Alimshika mkono tu, akamsindikiza hadi getini.

Ijumaa saa mbili asubuhi daktari aliyepasua maiti alipiga simu. Njia ya hewa ya marehemu ilikuwa imeungua kuanzia puani hadi kwenye mapafu. Barakoa ilikaa sawasawa, haikuvuja pembeni. Gesi ilipita katikati ya kopo la mkaa kana kwamba halina kitu. Na chini ya kucha za mikono yote miwili mlikuwa na chembe za rangi ya kijani.

Mtu hakwaruzi mlango ulioegeshwa. Anausukuma anatoka.

Inspekta alimpelekea bosi taarifa ile. Bosi akasema marehemu alipapasa tu kwa kiwewe. Inspekta alishuka ngazi kwenda mahabusu akiwa na uchungu mdomoni, kana kwamba ametafuna mwarobaini.

Mzee Kastori alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia ya sufu magotini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mistari ya ngozi, weusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nieleze mkaa wako. Nieleze kama mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Mzee aliinua macho akamtazama. Labda tangu jana ni mtu wa kwanza aliyemuuliza swali badala ya kumpa jibu.

"Nilifanya kazi kiwanda cha ngozi miaka kumi na tisa," alianza. "Asidi nazijua kwa harufu. Kokwa nazivunja, nazilowesha kwenye dawa ya kutu, ile asidi mafundi wanayopakia mabati. Siku mbili. Kisha naziweka kwenye pipa, moto wa wastani, usiwe mkali. Naosha, lakini sioshi mno. Basi."

"Na kwa nini unanasa gesi?"

"Mkaa una vishimo vidogo, huwezi kuviona. Watu wanadhani vishimo ndiyo kila kitu. Sasa fikiria nyumba ya wageni. Ina vyumba mia. Lakini mgeni haingii kwa sababu kuna chumba, anaingia kwa sababu kuna mwenyeji anayeelewana naye pale mlangoni. Amonia ni gesi ya ukali wa magadi. Inampenda mwenyeji mchachu. Mkaa wangu una uchachu usoni, kwenye kuta za vile vishimo. Gesi ikifika inashikwa mkono, haitoki."

"Na mkaa usio na uchachu?"

"Huo unanasa vingine. Harufu, rangi, mafuta. Kwa hayo ni mzuri kuliko wangu. Lakini amonia inaupita kama inavyopita dirishani." Aligeuza kofia magotini. "Injinia nilimwambia hayo hayo."

"Injinia Wilbert?"

"Alikuja kwangu mara tatu, amevaa glavu. Hakuniamkia hata siku moja, lakini aliandika kila kitu. Akaenda akajenga tanuri lake kiwandani, akachoma kokwa zilezile. Akaniletea niuone. Mkaa mzuri, mweusi, unang'aa. Akasema vishimo vyake ni mara mbili ya vyangu. Nikamwambia, mwanangu, moto umeuzidisha. Umechoma uchachu wote. Una vyumba vingi lakini wenyeji umewafukuza. Akakasirika."

"Mkaa wake na wako, unaweza kuutofautisha kwa macho?"

"Hata mimi siwezi. Kokwa ni zilezile. Mimi hupima kwa rosela, ile juisi nyekundu ya maua. Unalowesha mkaa kwenye maji ya mvua yaliyochemshwa, unachuja kwa kitambaa, halafu maji yale ndiyo unayatilia matone ya rosela. Usitie mkaa wenyewe, utafyonza rangi yote. Wangu unaiacha rosela nyekundu. Wake unaigeuza kijani."

Inspekta alikuwa ameacha kuandika. Neno moja lilikuwa linamzunguka kichwani tangu mzee alitamke.

"Mzee, huo uchachu. Mtu akiuweka mkaa wako kwenye maji ya kupikia chai?"

"Nani afanye upuuzi huo? Maji yatachachuka. Maziwa yatakatika."

Inspekta alisimama akajifuta vumbi la sketi.

"Kula chakula cha binti yako," alisema. "Hilo si ombi."

Mama Rachel alikuwa akimenya ndizi za mtori Inspekta na Shedrack walipoingia jikoni. Alipoulizwa habari za chai alidhani wamekuja kumkamata.

"Maziwa yalikuwa mazima, afande, naapa. Ya kwanza ni ya ng'ombe wangu, mjukuu aliyanywa asubuhi ileile hakudhurika. Yakakatika. Nikatuma kwa jirani, ng'ombe mwingine. Yakakatika. Leo nimechota maji ya bomba la nje, chai imetoka salama. Lakini nani atanisikiliza? Injinia amesema nimeoza mimi na maziwa yangu."

"Mimi nakusikiliza. Maji ya jikoni yanatoka wapi?"

Alionyesha mtungi wa plastiki chini ya sinki, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli. Lilikuwa chujio la maji, nalo lilijazwa mkaa.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Injinia."

Injinia Wilbert aliitwa. Alikuja na chupa yake ya maji, nyuma yake wafungasha parachichi wapatao kumi wakajibanza mlangoni kutazama.

"Chujio hili linatunzwa na nani?" Inspekta aliuliza.

"Na mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Fundi? Mpishi?"

"Watu hawa ukiwaachia chujio watafulia soksi. Ufunguo ni mmoja, unakaa kwenye mnyororo wangu."

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Sijawahi. Sina wa kumwamini hapa."

"Mara ya mwisho limefunguliwa lini?"

"Mwezi uliopita. Mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo likikutwa limefunguliwa jana, ni nani kalifungua?"

Injinia alishika mnyororo wa funguo zake. "Haliwezi kukutwa limefunguliwa jana."

"Fungua."

Shedrack alivaa glavu akalitoa chujio. Chini palikuwa na mkaa wa zamani, umelowa na kushikana. Juu yake palikuwa na tabaka jipya la chembe zilizo huru, ujazo wa kopo moja la barakoa. Inspekta alichota kijiko kutoka tabaka la juu. Akachota kijiko kutoka kopo la marehemu, mbele ya mashahidi, kisha akalifunga tena kwa lakiri kwa ajili ya mkemia. Kijiko cha tatu kilitoka kwenye debe ambalo Shedrack alilichukua alfajiri nyumbani kwa Kastori kama kielelezo.

"Mama Rachel, una rosela?"

"Ya chakula cha mchana, ipo sufuriani."

"Na maji ya mvua?"

"Yapo kwenye pipa. Nayachemsha sasa hivi."

Walingoja. Injinia alitazama saa yake mara mbili. "Hii ni maabara au mgahawa?" alisema, akawageukia wafanyakazi wacheke naye. Hawakucheka.

Glasi tatu zilipangwa mezani, kila moja na maji yaliyolowekewa mkaa wake na kuchujwa kwa kitambaa safi. Mama Rachel mwenyewe alidondosha rosela, matone matano matano.

Glasi ya debe la mzee ikawa nyekundu. Glasi ya chujio la jikoni ikawa nyekundu, wekundu uleule. Glasi ya barakoa ikasita kidogo, ikafifia, ikawa kijani cha maji ya dimbwi.

"Injinia," Inspekta alisema, "kemia ni pana. Hebu nisaidie. Mkaa wa mzee umefikaje kwenye chujio ambalo hakuna anayeligusa ila wewe?"

"Hilo jaribio halina viwango vyovyote. Ni juisi."

"Ni juisi. Ya mkemia itakuja baadaye, na mashine zake. Nimeuliza kitu kingine."

"Mkaa ni mkaa. Wote ni wa kokwa za parachichi. Nani anaweza kusema upi ni upi?"

"Jana uliniambia kaboni amilifu si mkaa wa kuchomea mahindi. Leo mkaa ni mkaa. Umesahau shule kwa siku moja?"

Mlangoni mtu alicheka, mmoja tu, akajiziba mdomo. Uso wa Injinia ulibadilika kwa kicheko kile. Rosela haikuwa imemgusa, kicheko kilimgusa. Inspekta aliona, akakiweka akilini.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililoonyesha mlima, ambao siku hiyo ulijifunika mawingu. Injinia Wilbert hakuwa na koti jeupe tena, lilikuwa limechukuliwa kama kielelezo. Bila koti alikuwa mwanamume wa kawaida mwenye shati lililobana tumbo. Mkononi mwake wa kulia, kwenye mkunjo wa kidole gumba, palikuwa na weusi uliokataa kutoka.

"Alama za vidole ndani ya kifuniko cha chujio ni zako, zimechapwa juu ya vumbi jipya la mkaa," Inspekta alisema. "Kwenye maabara yako tumekuta debe la mkaa wako wa moto mkali, na kipimo cha kopo moja kimepungua. Kucha za Filemon zina rangi ya mlango uliosema umeegeshwa. Endelea wewe."

"Nataka wakili."

"Utampata. Unaweza kunyamaza hadi afike. Ni haki yako."

Hakuweza. Watu wa aina ile kunyamaza huwauma kuliko pingu, maana wakinyamaza hakuna anayejua kwamba wana akili.

"Sikutaka afe," alisema baada ya dakika mbili. "Nilitaka mkaa ule uonekane ulivyo. Akohoe, atoke mbio. Basi. Jumatatu wageni wasisikie tena habari za mzee wa pipa."

"Komeo ulilifunga la nini?"

Injinia alivuta kola ya shati lake.

"Mtu anayetaka mwenzake atoke mbio hamfungii mlango, Injinia. Ulisimama pale nje. Wewe mwenyewe ulisema hata aliye mlangoni hasikii. Ulijuaje?"

Alilamba midomo. "Dakika kumi na tano," alisema. "Nilihesabu dakika kumi na tano, nikafungua."

Shedrack aliacha kuandika. Inspekta akamwonyesha kwa kichwa aendelee.

"Mkaa wa mzee kwa nini ukautia kwenye chujio?"

"Ningeupeleka wapi? Getini mlinzi Sirili anapekua kila mtu, hata mimi, kama mwizi wa parachichi. Nikiumwaga chooni unaelea. Maabara ndiko mngeanza kutafuta. Nani angepekua jiko?" Alisema hivyo kwa uchungu, kana kwamba jiko ndilo lililomkosea. "Mweusi ndani ya mweusi. Hakuna mtu pale mwenye akili ya kuuona."

"Hakuna aliyeuona. Walikunywa. Sasa niambie, Filemon alikukosea nini?"

Injinia alitazama dirishani.

"Nilikuwa nimeandaa hotuba ya wageni. Mkaa wa kokwa, uvumbuzi wangu. Nimesoma miaka sita. Yule mzee hawezi hata kuandika jina la asidi anayoitumia. Filemon akaniambia Jumatatu atamleta baba mkwe asimame mbele ya wageni aeleze mwenyewe. Nikamwambia wa kwangu una eneo kubwa zaidi. Akaujaza wa kwangu kwenye kopo, akalisogeza kwenye kichupa cha amonia, akanipa ninuse. Mbele ya wafungasha wote. Nikakohoa mpaka nikapiga magoti."

"Halafu?"

"Halafu akasema." Alisogeza kiti nyuma. "Akasema, 'Injinia, mkaa wa mzee haujui kusoma, ndiyo maana unafanya kazi.' Wakacheka. Wasichana walioishia darasa la saba, walioshika parachichi mkononi, walinicheka mimi."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Hiyo tu?" Alimgeukia. "Wewe hujui kuchekwa na watu kama wale."

Inspekta Bernadetha alikuwa ameona wauaji wengi. Aliona waliolewa mbege wakashikana mapanga, waliogombea mipaka ya viwanja, waliofumaniwa. Wengine aliwahurumia kimoyomoyo. Huyu alimtazama akatafuta huruma kila mfuko, hakupata hata ya kumwazima. Mtu ameacha watoto wawili yatima, amemsukumia mzee wa watu mzigo wa damu, kwa sababu wasichana walicheka.

"Ungemwambia mzee 'asante,'" alisema. "Neno moja. Angekufundisha na wewe ungefanikiwa. Alikuwa tayari."

"Nimwambie asante mtu anayenuka zizi?"

Mlango ulifunguliwa, askari akaleta chai, birika na vikombe vitatu. Inspekta alimimina kimoja akakisukuma mbele ya Injinia. Ilikuwa chai nzuri, ya rangi ya udongo mwekundu, haina bonge hata moja. Injinia aliitazama kwa kinyaa akageuza uso.

"Hilo ndilo lililokumaliza," Inspekta alimwambia. "Jana ungekunywa chai ya Mama Rachel kama wenzako, saa nne ungejua umekamatwa. Ungekwenda kuuzoa mkaa ule kabla sijajua upo. Lakini wewe hunywi kitu cha jiko lile. Weka sahihi hapa."

Aliweka sahihi. Ilikuwa sahihi kubwa, yenye mikia mingi.

Bosi aliisoma ile karatasi amesimama, akasema ndivyo alivyokuwa akihisi tangu mwanzo. Inspekta alisema, "Ndiyo, afande," akachukua funguo za mahabusu.

"Mzee, toka. Umeachiwa."

Kastori hakuinuka. Chakula cha Aika alikuwa amekila nusu, nusu amekifunika vizuri.

"Mkaa wangu ulimuua?" aliuliza.

"Hapana. Wako haukuwemo kwenye barakoa. Injinia aliuondoa, akatia wake, akamfungia mlango."

Mzee alilipokea lile polepole. "Wangu ulikuwa wapi?"

"Kwenye maji ya chai, jikoni."

"Ulikata maziwa?"

"Mara mbili. Ng'ombe wawili tofauti."

"Basi ulikuwa mzima," mzee alisema. "Ulikuwa unafanya kazi. Siku mbili nimekaa hapa nahesabu nilipokosea. Nilidhani niliosha mno." Akaufunika uso kwa kofia ya sufu akalia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Inspekta alikaa naye kwenye sakafu ile mpaka akamaliza.

Jumamosi alimpandisha Marangu kwa gari lake mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amempigia simu Ndelilio akamweleza kila kitu, na akaongeza maneno mengine ambayo hayakuwamo kwenye faili. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Njia ya kuingia kihambani ilikuwa imejaa watu katikati ya migomba na mibuni, na gari lilipozimwa watu wote wakageuka kulitazama.

Ndelilio alisimama kwenye mlango wa uzio, mtu mrefu mwenye koti la marehemu mabegani. Mkononi alishika jani la isale, amelifunga fundo. Huku mlimani mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na aliyeletewa hakatai. Wengi pale walikuwa wamekuja wakidhani kama kuna wa kulileta, ni Kastori.

"Shikamoo, baba," Ndelilio alisema.

"Marahaba."

"Nilisema usikanyage hapa. Nililisema mbele ya watu, nalirudisha mbele ya watu." Akanyoosha mkono wenye jani.

Mzee Kastori alilipokea kwa mikono miwili, vidole vyake vyeusi juu ya ule ukijani. Alipita.

Aika alikuwa amesimama kando ya kaburi na wanawe wawili. Alimwona baba yake akija na jani lile mkononi, akaelewa. Akawasogeza watoto kidogo, akampa nafasi ya kusimama.